Kutembea na mtoto ambaye ugonjwa wake hauna jina: maswali ya likizo ya mwezi wa sita, Mwanza

Maswali haya nimeyaokota kwenye benchi. Nje ya chumba cha mazoezi ya viungo tunakopeleka watoto kuna benchi ndefu, na foleni yake haina haraka, kwa hiyo watu huzungumza. Kila mwezi wa sita ukikaribia, shule zikielekea kufungwa na masika yameshakatika, mazungumzo hugeukia kitu kimoja: wenzetu wanawatoa watoto kutembea, sisi je? Wangu ana miaka 9. Hupiga hatua chache akishikwa mkono, maneno yake ni manne, degedege humrudia, kelele ya ghafla humvuruga, na maji anayapenda kama kambale. Dada yake ana miaka 13. Mimi si daktari. Nimemzungusha tu mtoto huyu Mwanza kwa miaka sita, na makosa karibu yote nimeshayafanya.

Daktari bado hajajua mtoto ana nini. Si tungoje jina kwanza?

Sisi tulingoja. Tulikaa ndani miaka mitatu kama watu wanaomkimbia mdai. Tumepima damu, tumepiga picha ya kichwa, tumepima umeme wa ubongo, na kwenye kadi yake mpaka leo pameandikwa "kuchelewa kwa makuzi". Ni kama kumpelekea fundi gari lisilowaka, naye akakuandikia kwenye karatasi: gari haliwaki. Simlaumu daktari. Hata katika nchi zenye maabara kubwa za vinasaba, watoto wengi wa namna hii hukua mpaka wakawa watu wazima bila ugonjwa wao kupata jina.

Na jina likija kesho, halitakuambia kama mwanao anaweza kukaa juani robo saa au nusu saa. Hilo unalijua wewe. Wangu akichoka huanza kusugua kidole gumba kwenye shavu, na kuanzia hapo nina dakika kumi hivi kabla hajajitupa chini. Nilikigundua kidole hicho nikiwa nje naye, maana nyumbani hachoki namna ile. Kwa hiyo toka ukiwa na daftari dogo, au andika kwenye simu: tulifika saa ngapi, alikula nini, kilichomtisha nini, alianza kuchoka lini. Baada ya matembezi matano utakuwa na kitabu cha mtoto wako ambacho hakuna kliniki inayokigawa.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inapoeleza ulemavu ni nini, haitaji orodha ya magonjwa. Inazungumzia mtu kupungukiwa nafasi ya kushiriki maisha ya kawaida ya jamii sawa na wengine. Mtu akikuambia mlangoni kwamba "huyu hana cheti, tutajuaje ni mlemavu", kumbuka hilo, hata kama hutabishana naye. Mimi siku nyingi sibishani, nina mtoto wa kubeba.

Watu wakiuliza "mtoto ana nini?", nijibu nini?

Inategemea anayeuliza, na inategemea kama umelala usiku huo.

Mzee wa heshima mpe heshima yake: "Shikamoo mama. Bado tunatafuta, hospitali hawajalijua jina lake. Leo tumekuja kuona ziwa." Hiyo sentensi ya mwisho iweke kila mara. Inamrudisha mtu kwenye kilichowaleta pale, na mara nyingi anauliza la pili: "Analipenda ziwa?" Hapo mmeshakuwa watu wawili wanaozungumza.

Mtoto mwenzake mjibu ukweli mfupi. "Miguu yake haina nguvu, na hajajua kusema." Watoto huridhika haraka kuliko watu wazima. Mmoja pale mwaloni, panaposhushwa samaki, aliniuliza, "Sasa akitaka samaki anasemaje?" Nikamwonyesha namna anavyopiga midomo. Akaijaribu, wakakaa wakipigiana midomo mpaka mama yake akamwita.

Halafu yuko anayejua kila kitu. Huyu atakuambia ni usonji, yule atasema mtindio wa ubongo, wa tatu atakutajia mganga wa Geita na nauli yake. Wa kukwambia mtoto amerogwa hawakosekani. Kwao nina jibu moja: "Nimesikia, asante." Usifungue mjadala wa uchawi ukiwa juani na mtoto mgongoni.

Mtu amempa mwanangu hela barabarani. Nilitaka ardhi inimeze.

Imenitokea Makoroboi, sokoni. Nimesimama, mtoto kwenye kitimwendo, namtafutia kofia. Baba mmoja, mtu safi kabisa, akainama akamwekea sarafu ya mia tano mapajani, akaondoka bila neno. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nikamkimbilia mtu nikamrudishia kwa ukali, akaona haya, nami nikaona haya zaidi, kwa sababu hakuwa na nia mbaya.

Sasa nasema, "Asante baba, hatuombi, tumetoka kutembea." Akisisitiza ibaki kwa mtoto, naipokea kwa mikono miwili, tunakwenda na mtoto kununua karanga, na yeye mwenyewe ndiye anayempa muuzaji ile sarafu. Amependa kazi hiyo. Ni mnunuzi mzuri, ila chenji hairudishi.

Tuanzie wapi?

Karibu na nyumbani, na kwa muda mfupi kuliko unavyotamani. Sisi tulianzia Capripoint, pembeni mwa maji, panapoonekana lile Jiwe la Bismarck. Dakika 20, tukarudi. Safari ya pili 30. Usianze na siku nzima ya ufukweni kwa sababu mwenzako amefanya hivyo na wanawe.

Kama kitimwendo ndicho miguu ya mtoto, Rock City Mall ina sakafu ya kuteleza vizuri, ila sauti hugonga kuta zile na wengine hawaivumilii. Fukwe za upande wa Ilemela ni nzuri siku za katikati ya wiki asubuhi. Jumapili jioni ni spika na umati, mimi siendi. Tena mjue, magurudumu madogo ya mbele huzama mchangani. Mgeuze mtoto, umvute kinyumenyume ukiegemeza uzito kwenye magurudumu makubwa. Nilifundishwa na kijana wa bajaji baada ya kuniangalia nikihangaika robo saa nzima.

Saanane inafaa?

Inafaa, kwa kujipanga. Ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 tu pamoja na maji yanayoizunguka, na boti ya kutoka Capripoint huvuka kwa dakika chache. Kwa mtoto asiyestahimili safari ya siku nzima kwenye gari kwenda Serengeti, hapa anaona swala bila kutoka mjini. Kisiwa kina jina la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akikaa pale kabla serikali haijapafanya mahali pa wanyama mwaka 1964. Hadhi ya hifadhi ya taifa imekuja 2013.

Ugumu wake ni mawe. Njia zinapanda na kushuka, na kitimwendo utakibeba wewe badala ya chenyewe kukubebea mtoto. Sisi tunakiacha, tunambeba kwa kitenge, na hatupandi kileleni. Tunakaa chini kwenye kivuli. Pimbi huja wenyewe kuota jua, na mijusi yenye vichwa vyekundu hutikisa vichwa kama wanaokubali hoja kikaoni. Kwa mwanangu hiyo ndiyo hifadhi, swala hana habari naye. Waambie askari wa hifadhi tangu mwanzo kwamba mtakaa sehemu moja. Mimi nimeongozwa vizuri kila nilipolisema mapema, na vibaya siku niliyoona aibu kulisema.

Anayapenda maji kupita kiasi. Nimwache aoge ziwani?

Hili nitalikalia, maana mzaha wake ni mbaya.

Kwanza kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wanaoishi kando ya ziwa, kwenye maji ya kina kifupi yaliyotulia, hasa penye magugu. Huingia kwenye ngozi kwa dakika chache, mtoto hana hata kidonda. Huwa vingi zaidi jua likiwa kali, tuseme kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa, yaani saa zile zile familia inapokuwa ufukweni. Kumkausha haraka kwa taulo kunasaidia kidogo, usikutegemee. Penye mchanga mtupu hatari hupungua lakini haiishi.

Sasa sikiliza hili wewe ambaye mwanao haendi shule. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, hugawiwa sana mashuleni. Mtoto aliyebaki nyumbani anaweza kurukwa mwaka baada ya mwaka huku ndugu zake wakimeza. Nenda zahanati uulize, na utaje dawa nyingine anazotumia, hasa za degedege, kabla hajapewa.

Pili, degedege. Mtoto anayepatwa na degedege akiwa majini anaweza kuzama kimya, bila kupiga kelele wala kurusha mikono. Awe ndani ya mkono wako. Ukiweza kumgusa bila kupiga hatua, hapo ndipo pake, hata kama maji ni ya magotini. Na mtu mzima huyo asiwe na simu.

Tatu, viboko na mamba. Waulize wavuvi wa pale pale, si mwenye baa.

Sisi tumeishia kwenye ziwa la beseni. Ninajaza madumu mawili maji, nayafunika, yanakaa siku mbili nyumbani, maana vijidudu vile havimalizi siku mbili nje ya konokono. Tunakwenda na karai kubwa la kufulia, tunaliweka mchangani hatua kumi kutoka mawimbini, mtoto anaketi ndani akilitazama ziwa. Anapiga maji mpaka sisi wote tunalowa. Mara ya kwanza watu walicheka, na kabla ya saa sita karai lilikuwa na watoto wanne.

Degedege ikimpata tukiwa nje?

Mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, ondoa mawe yaliyo karibu na kichwa. Usimkandamize. Usimtie kijiko, kidole wala kitu chochote mdomoni, na usiruhusu anayekuja na kijiko akusogelee, watakuja. Tazama saa. Ikipita dakika tano, au ikianza nyingine kabla hajazinduka, ni hospitali. Kama imempata majini, shikilia kichwa kiwe juu ya maji, mtoe, na mpeleke akaangaliwe hata akionekana mzima.

Watu watazunguka. Mpe mmoja kazi kwa kumnyooshea kidole: "Wewe kaka, tafuta bajaji." Umati ukishapata kazi hupungua maneno. Na kabla ya kutoka nyumbani jua hospitali iliyo karibu na unakokwenda, dozi ya dawa isirukwe kwa ajili ya safari, na karatasi yenye majina ya dawa zake iwe mfukoni mwako, siyo kwenye begi analobeba mtu mwingine.

Tunaogopa vyombo vya majini. Bibi yake yuko kisiwani Ukerewe.

Mna haki ya kuogopa. Hapa kwetu hakuna ukoo usiomjua mtu aliyekuwa kwenye meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996. MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, na waliofariki peke yao walizidi 220. Kanuni yangu imetoka hapo: chombo kikijaa tunangoja kinachofuata, hata kama tumeshakata tiketi na mtoto analia.

Wengi hukosea kwenye mgongo. Usimfunge mtoto mgongoni kwa kitenge ukiwa ndani ya chombo, na usimfunge mikanda ya kitimwendo. Kila mmoja avae jaketi okozi lake. La mtu mzima humtoka mtoto likabaki juu ya maji peke yake, kwa hiyo ulizia dogo, lenye kamba ya kupita katikati ya miguu. Mwenye shingo dhaifu anahitaji lile lenye kola ya kushika kichwa. Ukiona hawana, amua ukiwa bado nchi kavu.

Kama ni kumwonjesha tu, kivuko cha Kamanga kinaanzia katikati ya mji na unaweza kwenda na kurudi asubuhi moja. Nendeni mapema. Mchana upepo huamka na ziwa likaanza kucheza. Wenye ndugu ng'ambo ya Busisi wana daraja sasa, lile la J.P. Magufuli, kilomita 3 hivi juu ya maji, limefunguliwa Juni 2025. Raha kwa mgonjwa, hakuna ubishi. Wangu alinuna. Alikuwa amezoea kushuka kwenye gari pale Kigongo na kusikiliza injini ya kivuko kwa tumbo lake, na mara ya kwanza tulipopita darajani alitazama nyuma mpaka Sengerema.

Daladala au bajaji?

Bajaji, ukiwa nayo nauli. Dereva mmoja mnayefahamiana ni bora kuliko watano wa bei nafuu, kwa sababu anajifunza mtoto: wangu anajua asipige honi, na kwamba tukisema "simama" ni sasa hivi.

Kwenye haisi, panda mwanzo wa ruti, kituoni, gari likiwa tupu. Zungumza na konda kabla ya kukaa. Kuna konda mmoja alinitoza nauli ya watu watatu, mimi, mtoto na kitimwendo, kisha akakirusha nyuma kikavunjika breki. Tangu siku hiyo nakikunja mwenyewe. Epuka saa za watu kwenda na kutoka kazini.

Ngoma za Bujora atazivumilia?

Mpeleke Bujora siku isiyo na ngoma kwanza. Ni Kisesa, barabara ya Musoma, si mbali. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada yana nyumba za msonge, ngoma za watemi na kanisa lililojengwa kwa sura ya nyumba ya mtemi. Siku ya kawaida ni kimya, kuna miti, na mtoto anagusa ukuta wa nyasi kwa kujinafasi.

Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma ya mwezi wa sita, ni jambo jingine. Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya wachezaji, wakishindana, ngoma unaisikia kifuani kabla ya masikioni, na wapo wanaocheza na nyoka. Nilidhani mwanangu atapasuka. Tulikaa mbali, nyuma ya umati, nimemziba masikio kwa kofia ya sufu, na yeye akakitafuta kifua cha baba yake akabandika kiganja pale ngoma inapotetemekea. Alikaa hivyo karibu saa nzima. Mtoto wa rafiki yangu, ambaye sote tuliapa angependa, alitapika kwa hofu na wakaondoka dakika ya tano. Sasa wewe niambie nikushauri nini. Jaribu, na gari liwe limeegeshwa linakotazama njia ya kutokea.

Chakula?

Toka nacho. Usitegemee kuagiza, jiko la ufukweni huchukua saa moja na mtoto hana saa moja. Sato ni mtamu lakini miiba yake midogo haifai kwa mtoto anayekwamwa. Mnofu wa sangara, uliochambuliwa kwa vidole vyako na si kwa macho, ni salama zaidi. Wangu hula matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, yaliyolainishwa na maziwa, na ugali laini. Asilishwe amelala wala gari likienda. Maji ya kunywa yaliyochemshwa, mengi kuliko unavyofikiri, na mpe kabla hajaonyesha kiu, maana mwingine hawezi kuisema.

Ana miaka 9 na bado anavaa pampasi. Nambadilishia wapi?

Hapa ndipo matembezi mengi hufia na hatusemi. Vyoo vingi havina pa kumlaza mtoto mkubwa. Beba mkeka, kanga mbili na chupa ya maji. Kanga moja ya kulalia, moja dada yake na baba yake wanaishika kama pazia. Mara mbili nimeomba chumba cha stoo kwenye mgahawa, nikasema wazi ni cha nini, nikapewa. Mahali pengine, hoteli moja ambayo sitaitaja, waliniambia "huduma hiyo hatuna" huku chumba kitupu kikiwa wazi nyuma ya anayesema. Uchafu rudi nao nyumbani kwenye mfuko uliofungwa, usiuache mawe ya ziwani.

Dada yake anakosa raha kwa sababu yetu.

Wangu aliniambia akiwa na miaka 11: "Mama, tukienda na kaka hatufiki mwisho wa kitu chochote." Kweli tupu. Kila mara tunaondoka sinema ikiwa katikati, hatujapanda kileleni, samaki hajaletwa. Sikumjibu kitu cha maana siku ile.

Sasa mara moja kila likizo anatoka na mmoja wetu peke yake, mpaka mwisho. Alipanda kilele cha Saanane na baba yake, akaja kutusimulia sisi wawili tuliobaki chini. Na tukiwa wote pamoja, hana zamu ya kumlea. Akitaka kusaidia asaidie, asipotaka ni mtoto aliyekuja kutembea.

Mume wangu hataki mtoto aonekane.

Kwenye benchi letu swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na mimi sina jibu la kila nyumba. Nyumbani kwangu haikuwa aibu, ilikuwa hofu: baba yake hakujua la kufanya mbele za watu. Nilimpa kazi moja tu, kusukuma kitimwendo, nikampeleka mahali pasipo na mtu anayetufahamu, Igombe, kando ya ziwa, Jumanne asubuhi. Hatukuzungumza sana. Njiani kurudi akauliza kama breki ile inaweza kufungwa mpya.

Matembezi yanamsaidiaje daktari?

Kuliko unavyodhani. Akifanya kitu usichokielewa, macho kugeuka, mkono kukakamaa, kuzubaa ghafla, muombe mwenzako arekodi video huku wewe ukimshika mtoto. Daktari ana dakika chache na mtoto hafanyi tukio lile mbele yake. Video ya nusu dakika, pamoja na saa na alichokuwa akifanya, ilibadilisha dawa za mwanangu baada ya miaka miwili ya kueleza kwa mdomo. Video hiyo ni ya daktari. Isiende kwenye kundi la ukoo, huko ikishaingia hairudi.

Na kama hela hakuna kabisa?

Sisi wa milimani tuna bahati moja. Nyuma ya nyumba zetu kuna mawe, na kutoka juu ya mawe unaliona ziwa. Saa mbili usiku, kiangazi hiki, mfungie sweta maana upepo una baridi, mbebe, mkae. Wavuvi wa dagaa wakiwasha taa zao huko majini, ziwa lote linakuwa mji mwingine. Mwanangu hunyoosha kidole kwenye taa moja, halafu nyingine, halafu nyingine, na hiyo inaweza kuwa saa nzima bila kidole gumba kugusa shavu. Angalieni tu kalenda ya mwezi kabla ya kupanda. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hawatoki.